Je, Wajua? Kovu la Chunusi na Dawa Iliyotokana na Vitamini A

Vijana wengi wa Mayoni, kaunti ya Kakamega, kwenye barabara ya Mumias kwenda Bungoma, huota chunusi wanapobalehe na kuambiwa wangoje, zitaisha zenyewe. Ni kweli, chunusi nyingi huisha. Vishimo zinavyoacha mashavuni ndivyo visivyoisha. Kuna kundi la dawa za kupaka liitwalo retinoidi ambalo hupunguza chunusi, huzuia makovu mapya na kulainisha baadhi ya yaliyopo. Haya hapa ni mambo ambayo kila kijana, mzazi na mwalimu anafaa kuyajua.

KOVU LENYEWE

Je, wajua kwamba chunusi ni mojawapo ya magonjwa yaliyoenea zaidi duniani? Makadirio ya mzigo wa magonjwa duniani ya mwaka 2010 yaliiweka katika nafasi ya nane, ikiwapata takriban asilimia 9.4 ya watu wote. Anayejificha nyuma ya leso kwa ajili ya uso wake ana wenzake mamilioni.

Je, wajua kwamba chunusi haitokani na "damu chafu"? Huanzia ndani ya kitundu cha unywele. Homoni za kubalehe huongeza mafuta ya ngozi, seli zilizokufa hunata badala ya kubanduka, kitundu huziba, na bakteria waishio humo huchochea uvimbe. Bakteria hao walibadilishwa jina la kisayansi mwaka 2016, wakawa *Cutibacterium acnes*. Hakuna dawa ya kusafisha damu inayoweza kuzibua kitundu hicho.

Je, wajua kwamba doa jeusi si kovu? Simama kando ya dirisha ili mwanga uuguse uso wako kutoka upande mmoja, kisha pitisha ncha ya kidole polepole juu ya shavu. Penye weusi lakini pamesawazika, hilo ni doa, na aghalabu hufifia kwa miezi. Kidole kikizama kidogo, au kikikwama kwenye ukingo, hapo ndipo penye kovu. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu madoa na vishimo havitibiwi kwa njia moja.

Je, wajua kwamba madaktari hugawa vishimo vya chunusi katika aina tatu? Kuna chembamba kinachochimba chini sana, kuna kipana chenye kingo zilizosimama wima, na kuna kipana chenye mteremko kinachoifanya ngozi ionekane ya mawimbi. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote tatu katika shavu moja. Kile chembamba ndicho sugu kuliko vyote kwa dawa ya kupaka.

Je, wajua kwamba kwenye ngozi nyeusi hata chunusi ndogo isiyouma inaweza kuwa na uvimbe mkubwa chini yake? Uchunguzi wa vipande vya ngozi za wagonjwa Weusi uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulikuta uvimbe wa wazi hata penye vijipele vilivyoonekana vimetulia. Ndiyo maana weusi hubaki hata pale mtu anapoapa kuwa hajawahi kuviminya.

Je, wajua kwamba kuchelewa ndiko kunakozaa makovu? Madaktari wa Leeds, Uingereza, walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa wagonjwa wa kliniki yao ya chunusi. Takriban asilimia 95 walikuwa na kovu la usoni la kiwango fulani, wanaume kwa wanawake. Tena, ukubwa wa makovu ulihusiana na muda uliopita, hadi miaka 3, kati ya chunusi kuanza na tiba ya kutosha kupatikana. Kwa mwanafunzi aliyeanza kuota chunusi kidato cha kwanza, miaka 3 humfikisha kidato cha nne.

Je, wajua kwamba kuminya chunusi husukuma sehemu ya uchafu ndani zaidi? Ukuta wa kitundu hupasuka chini ya ngozi, uvimbe husambaa, na nyuzi za kolajeni zinazoishikilia ngozi huharibika. Kishimo ni mahali palipopoteza nyuzi hizo.

Je, wajua kwamba makovu mengine huinuka badala ya kuzama? Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na hupenda taya, kifua, mabega na masikio. Retinoidi ya kupaka haiwezi kuisawazisha keloidi iliyokomaa. Hiyo hutibiwa hospitalini, mara nyingi kwa sindano za steroidi ndani ya kovu. Kuikata bila tiba nyingine kunaweza kuirudisha ikiwa kubwa kuliko mwanzo.

DAWA ILIKOTOKA

Je, wajua kwamba retinoidi zote ni jamaa za vitamini A? Mwaka 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waligundua kwamba panya waliokula siagi au kiini cha yai walikua, na waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni wakadumaa. Kilichokuwa kwenye siagi ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A. Mwaka 1925, watafiti Wolbach na Howe wakaonyesha kwamba mnyama akikosa vitamini hiyo, utando wa ndani ya mwili wake hubadilika ukawa mgumu na mkavu. Hapo ndipo sayansi ilipoanza kuihusisha vitamini A na afya ya seli za ngozi.

Je, wajua kwamba sukari ya kiwanda cha Mumias, kilicholimiwa miwa na wakulima wa Mayoni na eneo zima la Matungu, iliwahi kuuzwa ikiwa imeongezwa vitamini A? Tena tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani, pamoja na mafuta ya kupikia, kuongezwa virutubisho, vitamini A ikiwemo. Lengo ni kulinda macho na kinga ya mwili, hasa ya watoto. Kula vyakula hivyo hakutibu chunusi, na kumeza vidonge vingi vya vitamini A kwa ajili ya uso ni kujitia sumu.

Je, wajua kwamba huenda ushahidi wa kale zaidi wa sumu hiyo ulipatikana Kenya? Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, mtafutaji mashuhuri wa visukuku, aligundua Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mifupa ya mwanamke wa *Homo erectus* aliyeishi takriban miaka milioni 1.7 iliyopita. Mifupa ilikuwa imefunikwa na tabaka lisilo la kawaida. Mwaka 1982 Alan Walker, Michael Zimmerman na Richard Leakey waliandika kwamba huenda alizidiwa na vitamini A, pengine kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Wengine wametaja maradhi tofauti, lakini onyo linabaki: vitamini hii ina kiwango chake.

Je, wajua kwamba viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A? Kati ya 2009 na 2014 mradi wa Mama SASHA uliwahimiza kina mama wajawazito wa Bungoma na Busia, majirani wa Kakamega, kuvipanda na kuvila. Mwili hugeuza kiasi unachohitaji tu, kwa hiyo chakula hiki hakina hatari ya vidonge.

Je, wajua kwamba retinoidi ya kwanza ya chunusi, tretinoini, ilitangazwa na madaktari Albert Kligman, James Fulton na Gerd Plewig mwaka 1969, na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1971? Historia hiyo ina doa zito. Kati ya 1951 na 1974 Kligman alifanya majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao Weusi, wengi bila kuelewa walichokubali. Mji wa Philadelphia uliomba radhi rasmi mwaka 2022. Dawa inafanya kazi, na wale walioumizwa wanastahili kukumbukwa kila inapotajwa.

Je, wajua kwamba tretinoini hiyo hiyo, ikiwa vidonge, huponya aina moja ya saratani ya damu? Mwaka 1985 daktari Wang Zhenyi wa Shanghai alimpa mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mahututi, naye akapona. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya saratani hiyo.

Je, wajua kwamba ukoo huu una ndugu kadhaa? Adapaleni iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, tazaroteni 1997, trifaroteni 2019. Adapaleni ndiyo mpole zaidi kwa ngozi nyingi, na tangu 2016 ile ya asilimia 0.1 huuzwa Marekani bila cheti cha daktari.

INAVYOFANYA KAZI

Je, wajua kwamba retinoidi haiui bakteria moja kwa moja? Huingia hadi kwenye kiini cha seli na kushika vipokezi maalumu, vilivyogunduliwa mwaka 1987 na kundi la Pierre Chambon, Ufaransa, na la Ronald Evans, Marekani, kila moja kivyake. Seli huamriwa zibanduke kwa mpangilio badala ya kunata. Kitundu hubaki wazi, na chunusi inakosa pa kuanzia.

Je, wajua kwamba dawa hii huirudishia ngozi sehemu ya nyuzi zake? Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu ngozi iliyoharibiwa na jua ulionyesha kwamba baada ya miezi 10 hadi 12 ya tretinoini utengenezaji wa kolajeni uliongezeka kwa asilimia 80, huku kwa waliopaka krimu isiyo na dawa ukishuka kwa asilimia 14. Kolajeni ndiyo iliyopungua kwenye kishimo, na hapo ndipo matumaini ya makovu yalipozaliwa.

Je, wajua kuhusu jaribio la nusu uso? Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Watu wenye chunusi walipaka upande mmoja wa uso adapaleni ya asilimia 0.3 iliyochanganywa na benzoili peroksidi (dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 2.5, na upande wa pili krimu isiyo na dawa, kwa wiki 24. Upande wa dawa vishimo vilipungua. Upande wa pili viliongezeka. Uso ni mmoja, jua ni moja, chakula ni kimoja, kilichotofautiana ni dawa tu. Huu ni ushahidi mkubwa kwamba kutotibu ni kukubali makovu mapya.

Je, wajua kwamba ngozi nyeusi ilipimwa pia? Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio la watu Weusi 54 wenye madoa yaliyoachwa na uvimbe wa ngozi. Waliopaka tretinoini kwa wiki 40 walipauka madoa kuliko wale wa krimu tupu. Lakini nusu ya waliotumia dawa waliwashwa na kubabuka ngozi, ndiyo maana wataalamu huanza na kiwango kidogo.

Je, wajua mipaka yake? Retinoidi hulainisha vishimo vifupi na vipana, haivifuti vyote. Vile virefu huhitaji daktari wa ngozi: sindano ndogondogo za kuchochea kolajeni, kukata nyuzi zinazovuta ngozi chini, au tindikali inayodondoshwa ndani ya kishimo kimoja kimoja. Anayekuahidi kufuta makovu yote kwa tyubu moja anakudanganya.

NAMNA YA KUITUMIA

Je, wajua kwamba uso mzima unahitaji tone lenye ukubwa wa punje ya njegere? Osha uso kwa maji na sabuni laini, ukaushe, subiri kama dakika 20. Gawa tone hilo: paji la uso, mashavu mawili, kidevu. Kisha sambaza taratibu, ukikwepa macho, pembe za pua na za mdomo. Usipake juu ya chunusi moja moja tu. Dawa hii inalinda eneo zima ambako chunusi ya mwezi ujao imeanza kujiunda. Ukizidisha, hutapona haraka zaidi, utababuka tu.

Je, wajua kwamba mwanzo ni mara 2 au 3 kwa wiki? Ngozi ikizoea, ongeza hadi kila usiku. Ikikauka, paka mafuta mepesi ya kulainisha kabla ya dawa au baada yake. Ikiungua na kuwaka, pumzika siku chache. Kwetu wenye ngozi nyeusi kila mbabuko unaweza kuacha doa jipya, kwa hiyo upole ni sehemu ya tiba.

Je, wajua kwamba wiki za kwanza uso unaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi? Vitundu vilivyoziba hufunguka kwa pamoja. Wengi hutupa dawa wakati huo, ilhali ndipo inapoanza kazi. Chunusi huonyesha mabadiliko baada ya wiki 8 hadi 12, na vishimo huhesabiwa kwa miezi 6 au zaidi. Piga picha ya shavu siku ya kwanza, kwenye mwanga ule ule, ili ulinganishe kwa haki.

Je, wajua kwa nini hupakwa usiku? Tretinoini ya kawaida huharibiwa na mwanga, na pia na benzoili peroksidi zikipakwa pamoja. Adapaleni huvumilia vyote viwili.

Je, wajua kwamba Mayoni iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta? Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya kichwa. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hukinga, lakini si ngao kamili, na mwanga wa jua huyakoleza madoa ya chunusi. Anayepalilia miwa, anayeendesha boda na anayeuza sokoni wanahitaji kofia pana na losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaochochea weusi.

Je, wajua kwamba sabuni ya kipande ya kufulia ina ualikali mkali kwa ngozi, ambayo kwa asili ina tindikali kidogo? Huikausha na kuiwasha, na retinoidi ikifuata, moto huongezeka. Ndimu nayo, ikipakwa kisha mtu akatoka juani, inaweza kuunguza na kuacha weusi wa miezi mingi. Dawa ya meno ni ya meno, si ya chunusi.

Je, wajua kwamba mafuta mazito ya nywele huzaa chunusi za paji la uso? Plewig, Fulton na Kligman walizieleza mwaka 1970 kwa wagonjwa Weusi waliopaka pomedi. Zikijipanga karibu na mstari wa nywele, angalia mkebe wa mafuta kabla ya kununua dawa.

HATARI ZA KUEPUKA

Je, wajua kwamba mjamzito, au anayepanga kupata mimba, hapaswi kutumia retinoidi? Ya kupaka huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, lakini tahadhari ni kuacha kabisa na kumwambia daktari. Isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali, ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni: huharibu ubongo, moyo na uso wake. Usiwahi kumeza vidonge vya rafiki.

Je, wajua kwamba retinoidi si mkorogo wa kujichubua? Mwaka 1975 Kligman alichapisha mchanganyiko wa tretinoini, haidrokwinoni na steroidi kwa ajili ya madoa, utumike chini ya daktari. Leo kuna krimu zinazouzwa kwa kificho zikiwa na haidrokwinoni au steroidi kali bila kipimo wala uangalizi. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Zebaki huharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuiondoa kwenye vipodozi vyote ifikapo 2025.

Je, wajua kwamba krimu ya steroidi huweza kuondoa chunusi kwa siku chache, kisha ikazileta nyingi zaidi? Ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na kuacha huwa kugumu. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha viambato kwenye boksi, usinunue.

Je, wajua kwamba si lazima uanze na daktari bingwa? Afisa wa kliniki anaweza kutambua chunusi na kuanzisha tiba, na mtaalamu katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu anaweza kukueleza matumizi. Tangu 1992, Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimewafunza maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi, hasa kwa sababu madaktari bingwa wengi hukaa mijini. Kwa mkazi wa Mayoni, ngazi ni kituo cha afya kilicho karibu, kisha Mumias, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega kovu likihitaji zaidi.

NENO KWA MSOMAJI

Mzazi, mtoto akikuambia uso unamsumbua, usimwambie ni mambo ya ujana. Mpeleke mwezi huu. Mwalimu, mwanafunzi anayeinamisha kichwa darasani huenda anaficha uso, kwa hiyo wazuie wenzake kumcheka. Na wewe kijana, anza mapema, paka kidogo, jikinge na jua, na uvumilie miezi sita kabla ya kuhukumu. Kovu lililozuiwa halihitaji tiba.